Mkaribishaji Aliyewakalisha Viumbe Wote Karamuni

Enzi hizo majini walikuwa bado hawajachoka kutembeleana na wanadamu, na mji wa Zumbarani ulitawaliwa na Sultani Shahbali bin Rukni, mfalme mkunjufu na mkarimu, mwenye tumbo la heshima na ndevu zilizofukizwa udi asubuhi na jioni, na raia wake walimpenda, kwa maana hakuwatoza zaidi ya uwezo wao na hakuwahutubia zaidi ya stahamala yao. Ila yake ilikuwa moja tu, nayo ni majivuno. Nyuma ya kasri alikuwa na bustani iliyozungushiwa ukuta wa marumaru, na humo alikusanya ndege na wanyama na mimea kutoka kila nchi waliyoifikia wajumbe wake, na kila mgeni alipoingia Sultani alimshika mkono na kumwambia, "Tazama, bwana. Hakuna kiumbe mwenye uhai nisiyemjua kwa jina na kwa kabila." Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tunavyowaambia watoto, lakini mkuu mwenyewe akiropoka, nani wa kumwambia?

Katika kasri hilo alikuwamo kijana mmoja aliyeitwa Mundhiri bin Faraji, na cheo chake kilikuwa Mkaribishaji Mkuu, yaani yeye ndiye aliyewapangia wageni mahali pa kukaa siku za karamu. Usidhani hiyo ilikuwa kazi ya kukunjua mikeka. Desturi ya Zumbarani ilikuwa kwamba watu wa mlango mmoja hula sinia moja, na masinia ya milango iliyo jirani kwa damu huwekwa mkeka mmoja, na mikeka ya ukoo mmoja hutandikwa chumba kimoja, na koo zenye asili moja huwekwa nyumba moja. Na mtu akikalishwa na wasio wake huondoka na njaa yake na hasira yake, na vita viwili vilivyokumbukwa mjini vilianzia kwenye sahani ya pilau. Mundhiri aliijua kazi hiyo kuliko waliomtangulia wote. Akimtazama mtu anavyonawa mikono, humtajia babu yake. Na alijua kwamba anajua, wallahi alijua, na kilemba chake alikifunga kwa kukiinamisha upande kidogo ili watu nao wajue.

Kijana huyo alimpenda Thureya, binti wa Waziri Nabhani, msichana msomi na mcheshi, naye Thureya akampenda pia. Mundhiri alipokwenda kuposa, Waziri alimpa kahawa, akampa halua, kisha akampa jibu.

"Mwanangu Mundhiri," akasema, "wewe unazijua nasaba za watu wote, kwa hiyo na ya kwako unaijua. Babu yako aliuza makaa sokoni. Binti wa Nabhani haolewi nje ya nasaba yake."

Mundhiri akainamisha kichwa, kwa sababu sheria hiyo ndiyo aliyoilinda yeye mwenyewe kila karamu, na mtu hawezi kuikana bidhaa anayoiuza. Akarudi kwake amefunga kilemba sawasawa.

Haukupita muda, Sultani akiwa barazani pamoja na mawaziri na maamiri, sakafu ikapasuka pasipo kelele, na hewa ikajaa harufu ya ambari, na kutoka kwenye ule ufa akatoka mwanamke mrefu hata akainama asigonge dari, nywele zake moshi na macho yake makaa ya moto. Walinzi wakakumbuka shughuli zao mahali pengine.

"Amani iwe juu yako, ewe Sultani Shahbali," akasema. "Mimi ni Sharara, malkia wa majini wa milima ya mawio, na kwa amri ya Mola nimekabidhiwa ulinzi wa kila chenye uhai. Namwoza binti yangu, na wageni wangu ni viumbe wote, kila aina mume na mke. Nimesikia kwamba wewe unawajua wote kwa jina na kwa kabila. Basi walima wa binti yangu, karamu ya arusi yake, utaufanya wewe, hapa kwako, siku mwezi utakapoandama. Chakula ni juu yangu, na hakuna atakayemla mwenziwe. Juu yako ni mambo mawili: kila mgeni akae na jamaa zake wa kweli, na kila mgeni aitwe kwa jina lake, jina moja asiloshiriki na mwingine, linalojulikana mitaa yote. Akikosewa hata mmoja, nitaichukua nasaba ya kila mtu wa mji huu, mama asimjue mwana wala mwana asimjue mama."

Sultani angekuwa mtu mwingine angekiri kwamba alijisifu tu, lakini maamiri wote walikuwa wakimtazama, akajikuta amesema, "Ahlan wa sahlan, Bibi Malkia. Nyumba ni yako."

Hapo Waziri Nabhani akacheka. Alikuwa mtu mwema, ila nasaba ilikuwa imempanda kichwani. "Bibi Malkia, tuwie radhi," akasema, "lakini mnyama ni mnyama. Ana nasaba gani mnyama?"

"Umeuliza vizuri," akasema Malkia Sharara, na akanyoosha kidole kirefu akaligusa paji la uso wa Waziri, akatoa pale kitu chenye mwanga kama kimulimuli, akakitia ndani ya chupa ya bilauri na kuifunga kwa kizibo cha fedha. "Yako nitakaa nayo iwe rehani."

Kisha akatoweka, na Waziri akabaki amesimama katikati ya baraza, akitazama huku na huku kwa adabu. "Samahani, mabwana," akasema. "Hapa ni kwa nani?" Na Sultani, aliyecheza naye tiara utotoni, akamgeukia mlinzi na kumuuliza mzee yule kaingia vipi. Kila mtu alijua kwamba Waziri Nabhani yuko mahali fulani na kwamba kapatwa na jambo. Lakini kila aliyeutazama uso ule aliuona wa mgeni. Wakamfikisha nyumbani kwake kwa maelekezo ya Mundhiri, ambaye alikuwa ameyaona yote kwa macho yake na akashika tu kwamba mwenye joho la kijani ndiye Waziri. Mke wa Waziri, asimjue, akamfukuza hadi uani kwa mwiko.

Thureya ndiye aliyemtolea maji na kumkalisha kivulini, na kesho yake akamwita Mundhiri penye ukumbi wa nyumba yao.

"Bwana Mundhiri," akasema, "wananiambia yule mzee uani ni baba yangu. Nimekaa naye asubuhi nzima. Ni mtaratibu, anashukuru kwa kila kitu, na mimi namhurumia kama ninavyomhurumia maskini yeyote. Moyo wangu haumjui. Nakumbuka masomo aliyonifundisha baba, neno kwa neno, na pale ulipokuwa uso wa mwalimu hapana kitu." Akalia, na alipokwisha kulia akajifuta kwa ncha ya ukaya. "Nirudishie baba yangu. Hata ukitaka kunioa, nani atakuwa walii wa kuniozesha?"

"Nitamrudisha, inshallah," akasema Mundhiri, na kwa kuwa alikuwa bado ni Mundhiri, akaongeza, "Kukalisha wageni ndiyo kazi yangu."

Wageni wakaanza kuwasili siku nyingi kabla ya karamu, maana kobe na konokono wanajijua na walikuwa wametoka mapema. Mundhiri akasimamisha mahema matatu makubwa katika bustani: moja la watu wa maji, na ndani yake akachimba birika, moja la watu wa angani, na ndani yake akatundika matawi, na moja la watu wa nchi kavu. Akapanga bila kuchoka, samaki na nyangumi na pomboo na nguva pamoja, kunguru na popo na kipepeo pamoja, nyoka na panya na jongoo pamoja. Miti ilileta matawi na mbegu zake kuwa mawakili, na uyoga akawekwa kati ya mboga. Kwa marjani akapamba ukuta. Akajitazama katika maji ya birika, akakiinamisha kilemba chake.

Ikawa adhuhuri anapita hema la watu wa maji, akaitwa kwa sauti ya upole. Alikuwa nguva, na mwanawe yuko kifuani ananyonya.

"Bwana Mkaribishaji," akasema nguva, "sipendi kulalamika katika nyumba ya watu. Lakini hawa mabwana ulionikalisha nao wamenipa mgongo wote tangu nilipoanza kumnyonyesha mtoto, kwa haya. Hawajapata kuona jambo hili. Jodari amezimia."

"Bibi, si nyote mnaishi majini?"

"Naam. Na wewe na paka wako mnaishi nyumba moja. Paka ni nani wako?"

Kabla Mundhiri hajajibu akaja popo, amekasirika kwa sababu kunguru alikuwa amemuuliza mayai yake ameyaficha wapi. "Mke wangu anazaa na ananyonyesha," akasema popo, "na manyoya ya ndege sina hata moja. Tazama." Akaukunjua ubawa wake juani, na Mundhiri akaona ndani ya ile ngozi nyembamba mkono, na mwishoni mwa mkono vidole vitano, vilivyoungana kwa mpango uleule wa vidole vyake yeye. Akaenda mbio birikani akamwomba nyangumi radhi na kumpapasa pezi, na chini ya nyama akavihisi vidole tena. Na alipoegemea ukuta apumue, ukuta ukakohoa. Marjani akamwambia kwa huzuni kwamba yeye hakuwa pambo, alikuwa mgeni, tena wageni wengi walioshikamana, na wenye njaa.

Mundhiri akakaa chini mchangani na joho lake zuri. Miaka yote ile hakuwahi kumkalisha mtu kwa kutazama kanzu yake, wala mtaa anakopanga. Akija amiri kavaa matambara, alimtambua na kumpeleka kwenye sinia la maamiri. Na sasa kwa viumbe hawa amewapanga kwa mavazi na makazi, kwa sababu moyoni alikuwa kama Waziri, akiamini kwamba hawana babu. Nguva akamwangalia akamhurumia. "Kwenu," akauliza nguva, "watoto wa mama mbalimbali walionyonya ziwa moja mnawaitaje?"

"Ndugu," akasema Mundhiri. "Ndugu wa kunyonya. Hata kuoana hawaoani." Akasimama. "Vunjeni mahema," akawaambia watumishi.

Ndipo ikaanza kazi ya kweli. Akajenga nyumba ya walionyonya, na ndani yake akaingia nyangumi na panya na popo na ndovu na nguva, kila mmoja akapewa chumba cha ukoo wake. Akajenga nyumba ya wenye manyoya ya ndege, na mbuni akaingia humo ijapokuwa haruki, na popo hakuingia ijapokuwa anaruka. Wenye miguu sita wakapata nyumba yao, na buibui alipojaribu kuingia wakamhesabia miguu, wakamwonyesha kwa nge. Uyoga, alipochunguzwa, akaonekana si mmea wala mnyama, akajengewa mtaa wake kando, na furaha yake ilikuwa kubwa hata akaota mara mbili. Kila mgeni Mundhiri alimuuliza alivyozaliwa, alivyolelewa, na mifupa yake ilivyopangwa kama anayo, na hakumuuliza tena anaishi wapi. Simba na chui akawakuta wa sinia moja. Duma, ambaye kwa madoa yake kila mtu alidhani ni mtoto wa chui, alikuwa wa sinia lake mwenyewe, mkeka mmoja nao, na paka wa jikoni akakaa mkeka huohuo, sinia la tatu, akajiona mkubwa kuliko wote.

Yakabaki majina, na hapo mji ulikaribia kupigana. Tumbili, watu wa Gongoni walimwita ngedere, na watu wa Mlimani wakamwita kima, na kwa watu wa Bandarini kima alikuwa mwingine kabisa. Mtaa wa kwanza ukitaja jina, mtaa wa pili hukohoa. Wazee wa mitaa wakaja na bakora. Malkia alitaka jina moja linalojulikana na wote, na hakuna mtaa uliokubali kula matapishi ya mtaa mwingine, ndivyo walivyosema wenyewe, mimi nasimulia tu.

Mundhiri akamwendea Thureya, akamkuta anamsomea yule mzee uani. Akamweleza.

Thureya akafikiri. "Wape majina kwa lugha isiyo na mwenyewe," akasema. "Baba alinifundisha Kirumi cha kale. Hakuna mtaa unaokisema, kwa hiyo hakuna mtaa utakaoona wivu, na kwa kuwa waliokisema wamekufa, hakuna wa kukibadilisha. Kila mtaa nyumbani kwake na uite upendavyo. Karamuni jina ni moja."

"Viumbe ni wengi, bibi. Tutapata wapi majina?"

"Wewe na mimi tunaitwa jina letu kwanza na la baba baadaye. Wao tuwaite jina la sinia kwanza, kisha la mtu mwenyewe. Ukisikia tu la kwanza, umeshajua anakula na nani."

Yule mzee aliyekuwa akisikiliza akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Una mwalimu mzuri, binti," akasema, na Thureya akainamia kitabu chake muda mrefu bila kufungua ukurasa.

Hivyo simba akaitwa Panthera leo na chui Panthera pardus, na paka Felis catus, na farasi Equus caballus na punda Equus asinus. Na palipotokea ubishi kwamba kiumbe mmoja amepewa majina mawili, wakakata shauri kwamba la kwanza ndilo linaloshinda. Chui mweusi alikuja akidai jina lake peke yake, kwa kuwa hafanani na wenye madoa. Thureya akamuuliza mke wake ni wa rangi gani. Wa madoa, akasema. Na watoto? Mchanganyiko, na wajukuu anao tele. "Basi wewe ni chui," akasema Thureya. Farasi na punda nao waliulizwa, wakasema wakioana huzaa nyumbu, na nyumbu hazai; wakaachiwa sinia moja na majina mawili.

Mwezi ukaandama jioni ya Alhamisi, na kabla jua halijazama sawasawa Malkia Sharara akaingia na binti yake na bwana arusi wa kijini, akapita nyumba hata nyumba. Aliita, na aliyeitwa aliitika. Alifunua vyumba, na kila mmoja alikuwa na jamaa zake. Nguva alimpungia. Jodari alikuwa amezinduka. Mundhiri alimfuata nyuma, na kila nyumba moyo ukamwinuka kidogo.

Mwisho wakafika ukumbi mkubwa. Juu ya jukwaa Sultani ameketi juu ya kiti cha enzi, sinia la dhahabu mbele yake. Chini yake masinia ya fedha ya maamiri. Kisha ya shaba ya wafanyabiashara. Na mlangoni vyungu vya wachukuzi wa maji na wauza makaa. Malkia akasimama.

"Aina moja sijaiona ikikaa na jamaa zake," akasema. "Mkaribishaji, huu ndio mwisho wa kazi yako?"

Mundhiri hakushangaa. Alijua. Alikuwa anajua tangu alipoona vidole ndani ya ubawa wa popo, na alikuwa amejifanya hajui, kwa kuwa mshika upanga wa Sultani alisimama palepale na kazi yake aliipenda. Akatazama ukumbi, akamwona Thureya mlangoni akimshikia kikombe mzee asiyemjua, na mzee anamshukuru. Akapiga goti.

"Maulana," akasema, "Mola amemkirimu mwanadamu kwa akili na kwa ulimi, na mimi sitakuondolea alichokupa Mola. Lakini kukirimiwa hakufuti nasaba. Tulizaliwa, hatukuanguliwa, na tulinyonya. Mahali petu ni nyumba ya walionyonya, chumba cha wenye mikono ya kushika, mkeka wa jirani na sokwe."

Maamiri wakaacha kutafuna, na waliosikika ni mchwa tu, wakitafuna katika nyumba yao.

"Unanikalisha na sokwe," akasema Sultani taratibu.

"Jirani na sokwe, maulana. Sinia ni letu peke yetu. Na hapo pia nimekosa." Akanyoosha mkono kuelekea vyungu vya mlangoni. "Nimetandika masinia mengi, na sinia letu ni moja. Chui mweusi tumemkatalia jina la peke yake, kwa sababu anaoa wenye madoa na anapata wajukuu. Amiri na mchukuzi wa maji wakioana, wajukuu wanapatikana vilevile. Nimewatenga watu karamuni maisha yangu yote, maulana, na nilikuwa nawatenga kwa kanzu."

Mshika upanga akamtazama bwana wake. Sultani hakumtazama. Alikuwa akizishika ndevu zake. "Marehemu mama alininyonyesha mwenyewe," akasema mwishowe. "Walimshauri atafute yaya, akawakatalia." Akasimama, akashuka jukwaani kwa uzito wake wote, akatoka ukumbini, na watu wote wakamfuata, maamiri na wachukuzi wakipishana mlangoni. Sokwe alipomwona akasogea kumpa nafasi, akamwekea ndizi kando. Sinia moja kubwa likaletwa na majini, kubwa kama uwanja, na watu wa Zumbarani wakalizunguka bega kwa bega.

"Na jina letu?" akauliza Sultani, tayari ana wali kidoleni.

"Homo sapiens," akasema Thureya. "Mtu mwenye busara."

"Nani aliyetuita hivyo?"

"Tumejiita wenyewe, maulana."

Sultani akacheka hata tumbo likagonga sinia, na Malkia Sharara akacheka pia, na cheko la jini ni kama ngoma ya mbali. Akaifungua chupa ya bilauri. Kile kimulimuli kikatoka, kikaelea juu ya vichwa, kikatua pajini mwa mzee mwenye joho la kijani, ambaye alikuwa amekaa kati ya muuza makaa na Mundhiri, mdomo umejaa wali.

Waziri Nabhani akameza. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akamwona binti yake mbele yake, na Thureya akamwona, akasema, "Baba," akamwangukia shingoni, na hakuna aliyeweza kuwatenganisha mpaka chakula kikapoa. Yote aliyoyaona siku za ugeni wake Waziri aliyakumbuka: nani alimpa maji, nani alimpa mwiko. Alipoweza kusema, alimgeukia Mundhiri.

"Nilisema binti wa Nabhani haolewi nje ya nasaba yake," akasema.

"Ulisema, mheshimiwa."

"Basi sijavunja neno langu," akasema Waziri, na akamwita kadhi, aliyekuwa palepale akigombea ukoko wa wali na muuza samaki.

Wakaozwa usiku huohuo pamoja na binti wa jini, na Malkia akawatunza vito visivyohesabika, na Sultani akawapa bustani yote waitunze na waendelee kuwapa majina wanaozaliwa na wanaogunduliwa, kwa maana hao hawana mwisho. Wageni wakaondoka kila mmoja kwao, konokono mwisho. Na sisi tuliopokea habari hii kwa waliotutangulia tunajifunza kwamba mtu hajulikani kwa vazi wala kwa mtaa, na kwamba anayetaka kujua jamaa zake aulize kwanza amenyonya wapi. Na akishajua, asogee, ampishe mwenzake kwenye sinia.